Je, Kidole cha Sita ni Ila?

Paka wa kawaida ana vidole 18: vitano katika kila mguu wa mbele, na vinne katika kila mguu wa nyuma. Hiyo ndiyo desturi ya jamii yake yote. Lakini mara kwa mara huzaliwa paka mwenye vidole sita au saba katika mguu mmoja, hasa mguu wa mbele. Kidole cha ziada huota upande wa gumba, hata wayo wake wafanana na kiganja cha mtoto aliyetanua gumba lake. Mwaka 2002, katika nchi ya Kanada, daktari wa wanyama alihesabu vidole vya paka mmoja akavikuta 28, yaani saba katika kila mguu.

Jambo hili laonekana kuwa dogo, jambo la kuchekesha watoto tu. Walakini kidole hicho kidogo chazaa ulizo kubwa. Kiumbe kikizaliwa bila kufanana na wenzake, je, kimeharibika? Ni nani mwenye kupima, naye apima kwa kipimo gani? Mtu akijibu ulizo hilo juu ya paka, amekwisha kujibu nusu ya ulizo jingine lililo zito zaidi, maana lawahusu watoto wa watu. Kwa hiyo yafaa kulichungua polepole, jambo moja baada ya jingine.

I. Kidole cha ziada chatoka wapi?

Mtu asiyejua sababu ya jambo hupenda kuitafuta kwa jirani yake. Husema: pana mtu aliyeroga, au pana mwiko uliovunjwa, au pana mzee aliyekufa na kinyongo. Lakini sababu ya kidole cha paka yajulikana leo, wala haimo katika nyumba ya jirani.

Katika mwili wa kila kiumbe mna maagizo madogo mno yasiyoonekana kwa macho, ambayo mtoto huyapokea kwa baba na mama yake. Wataalamu huyaita jeni. Jeni moja yashiriki katika kazi ya kuumba miguu na vidole, mtoto akali tumboni. Jeni hiyo haifanyi kazi ovyo. Ina msimamizi wake, yaani sehemu nyingine ya uzi uleule wa maagizo, iliyo mbali nayo, ambayo huiamuru ianze kazi saa gani na mahali gani. Mwaka 2008 wataalamu walitangaza kwamba katika paka wa Marekani wenye vidole vingi wameona badiliko la herufi moja tu ya msimamizi huyo. Katika paka wa Uingereza waliona mabadiliko mengine ya namna hiyohiyo, katika msimamizi yuleyule. Kwa sababu ya badiliko hilo, amri ya kuumba vidole yatolewa hata mahali isipozoea kutolewa, ndipo kidole kingine chaota.

Badiliko hilo likitoka kwa mzazi mmoja, latosha. Paka jike mwenye nakala moja akizaa na dume wa kawaida, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kulipokea, kama mtu arushaye sarafu juu na kungoja ianguke upande gani. Ndiyo maana katika uzao mmoja huonekana watoto wenye vidole vitano na watoto wenye vidole sita, nao wanyonya titi moja na kulala pamoja. Paka mwenyewe hajui kuwabagua.

Basi hapana uchawi hapo, wala deni la mababu, wala kosa la mama. Pana herufi moja iliyobadilika katika kitabu kirefu sana.

II. Paka mmoja, hukumu mbili

Paka wenye vidole vingi ni wengi katika miji ya pwani ya mashariki ya Marekani, kama Boston, na tena katika upande wa magharibi wa Uingereza na nchi ya Wales. Wengi wadhani kwamba walisambaa kwa njia ya meli. Zamani meli za matanga zilichukua paka wa kuwinda panya, maana panya walikula nafaka na kutafuna kamba. Mabaharia walimpenda hasa paka wa vidole sita. Walisema kwamba huleta bahati, na kwamba wayo wake mpana humsaidia kusimama imara chombo kikiyumba.

Bahati! Neno hili ni tamu, lakini yafaa kulitazama vema. Paka mweusi, kwa watu wengi wa Uingereza, ni ishara ya heri. Kwa watu wengi wa nchi nyingine za Ulaya, paka mweusi huyohuyo akikata njia, ni ishara ya shari. Paka hakubadili rangi alipovuka bahari. Kama ishara moja yasema heri ng'ambo ya huku na shari ng'ambo ya pili, ni wazi kwamba paka hasemi neno. Wasemao ni watu, kisha wanasikiliza mwangwi wa sauti yao wenyewe na kudhani wamejibiwa.

Wengine watasema: «Kama ni hivyo, afadhali kumwita mleta bahati kuliko kumwita mleta mkosi. Apendwaye haumii.» Neno hilo si kweli, na ushahidi wake ni wa kusikitisha. Tangu miaka ya 2000, katika Tanzania na Burundi, watu wenye ualbino waliwindwa, wakakatwa viungo na kuuawa. Wauaji wao walisadiki kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Hawakuviita vya mkosi: waliviita vya bahati! Basi aitwaye bahati na aitwaye mkosi wamo katika hatari moja, maana wote wawili wamekwisha kuvuliwa uhai wao wenyewe na kufanywa alama ya mambo ya wengine. Mmoja hutupwa na mwingine huuzwa. Hapana aulizaye kama yeye mwenyewe ana njaa au ameshiba, yu mzima au ana maumivu.

III. Kipimo cha haki

Kama ishara si kipimo, kipimo ni nini? Hapo lazima kutenga maneno mawili ambayo watu huyachanganya, yaani tofauti na ila.

Tofauti ni kutokufanana na wenzako. Ila ni kukosa jema ambalo kwa asili yako ungepaswa kuwa nalo. Jiwe halioni, wala hapana mtu asemaye kwamba jiwe ni kipofu, kwa kuwa kuona si haki ya jiwe. Paka asiyeona ana ila kweli, maana asili yake ni kuona, naye apata hasara kwa kutoona. Kwa hiyo mwenye kutafuta ila asianze kuhesabu vidole. Na aulize: kiumbe hiki kimenyimwa jema gani?

Na apimwe basi paka wa vidole sita. Hutembea, huruka, hupanda mti, hukamata panya, hunyonyesha watoto wake. Wengine hutumia gumba lao kushika vitu vizuri kuliko wenzao. Taabu yake moja ni hii: ukucha wa kidole cha ziada pengine haugusi chini, basi hausagiki, nao ukiachwa waweza kurefuka na kujikunja mpaka kuchoma nyama. Mwenye paka akiukata mara kwa mara, taabu imekwisha. Paka huyo, kwa kawaida, ana tofauti wala hana ila.

Sasa na apimwe paka mwingine. Mwaka 1961, huko Scotland, alionekana paka jike mwenye masikio yaliyokunjika kuelekea mbele, na uso wake ulikuwa wa mviringo kama uso wa bundi. Watu walimpenda mno, wakazalisha wa namna yake, na uzao huo ukaenea katika nchi nyingi. Lakini jeni ikunjayo sikio haikomi sikioni. Yadhoofisha gegedu ya mwili mzima, hata viungo vya miguu na mkia huharibika, na paka wengi wa uzao huo hupata maumivu katika maisha yao. Katika miaka ya 1970 chama kikuu cha wafuga paka wa Uingereza kilikataa kuendelea kuwaandikisha. Hata hivyo watu wengi waliendelea kuwanunua kwa bei kubwa, kwa sababu ya uso wao mzuri.

Ndipo yaonekana jinsi jicho lisivyojua kupima. Lilipoona kidole kisichodhuru, lilishtuka na kusema: «Ajabu!» Lilipoona sikio lenye kuficha maumivu, lilicheka na kusema: «Jinsi gani lapendeza!» Jicho limekosea mara mbili, nalo limekosea kwa sababu moja: lilijiuliza kama limefurahi, halikuuliza kama kiumbe ki chema. Ila ya kweli yaweza kukaa ndani ya uzuri, na uzima waweza kuvaa sura isiyozoeleka.

Aristotle, mwenye hekima wa Wayunani, aliandika zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristo juu ya wanyama wazaliwao na viungo vya ziada. Alieleza kwamba asili hulenga yaliyo ya kawaida, na pengine hukosa shabaha. Ni kweli kwamba desturi ya paka ni vidole 18. Lakini mtu akikomea hapo, atadhani kwamba kila kisicho cha desturi kimeharibika. Alikuwapo mwingine aliyeliona jambo hili kwa upana zaidi, naye alikuwa mtu wa Afrika.

Mtakatifu Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Tagaste, mji ulioko leo katika nchi ya Algeria. Katika kitabu chake kikubwa juu ya Mji wa Mungu, alichomaliza kama mwaka 426, alijibu maulizo ya watu juu ya wanadamu wazaliwao na maumbile yasiyo ya kawaida. Alitaja wenye vidole zaidi ya kadiri, akaonya kwamba mtu asiwe mpumbavu hata kudhani kwamba Muumba alikosea hesabu, hata kama sababu yake haijulikani. Alitaja tena mtu mmoja wa Hippo Diarrhytus, mji uitwao leo Bizerte katika Tunisia, ambaye mikono na nyayo zake zilikuwa kama mwezi mwandamo, na kila mmoja ulikuwa na vidole viwili tu. Akauliza kama kwa ajili hiyo watu watakana kwamba yeye ni wa uzao wa mtu wa kwanza. Alifundisha pia kwamba atazamaye sehemu moja, asiyeweza kuona kazi yote, huchukizwa upesi na sehemu hiyo.

Msusi wa mikeka hulijua neno hilo bila kusoma kitabu. Mtu akiokota ukili mmoja sakafuni, atasema rangi yake haikuingia vema. Mkeka ukiisha kushonwa na kutandikwa, atanyamaza.

IV. Haki ya mwanadamu juu ya paka

Pana watakaouliza: «Je, ni vema kuwaweka wanyama kama hao ili watu waje kuwatazama?» Mfano wake upo. Katika kisiwa cha Key West, kusini kabisa mwa jimbo la Florida, ipo nyumba ya mwandishi Ernest Hemingway, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1954. Alikaa humo katika miaka ya 1930. Husimuliwa kwamba nahodha mmoja alimpa paka mweupe mwenye vidole sita. Mwandishi alikufa mwaka 1961, na tangu mwaka 1964 nyumba ni makumbusho. Paka wapatao 50 au 60 wanaishi humo, na kama nusu yao wana vidole vya ziada.

Palitokea kesi juu ya paka hao. Mwaka 2012 mahakama ya rufani iliamua kwamba, kwa kuwa wanaonyeshwa kwa wageni wanaolipa, nyumba hiyo lazima ifuate sheria ya kulinda wanyama. Sheria hiyo haikuhesabu vidole. Iliuliza juu ya chakula, malazi na ulinzi. Na mwezi wa Septemba mwaka 2017 tufani kali iitwayo Irma ilipokaribia, wakuu waliamuru watu wote waondoke kisiwani. Wafanyakazi kadhaa wa nyumba walibaki, wakakusanya paka ndani ya kuta zile nene, na paka wote wakapona. Watu waweza kubishana kama kubaki kulikuwa busara. Lakini jambo moja halina ubishi: hawakuchagua wa vidole sita na kuwaacha wa vidole vitano mvuani. Waliingizwa wote. Hapo ndipo apendaye paka hujitenga na apendaye maajabu.

Basi jibu laonekana. Mwanadamu amekabidhiwa wanyama, naye ana ruhusa ya kuwafuga, kuwatumia, hata kuwastaajabia. Lakini asiyaamuru maumivu kwa makusudi ili kufurahisha macho yake. Azalishaye wanyama wa vidole vingi na kuwatunza, ambao hawadhuriki, hana kosa. Azalishaye kiumbe akijua kwamba kitaumwa maisha yake yote, kwa sababu tu sura yake yauzika, amefanya ubaya, hata kama kila mgeni humsifu. Na atupaye kitoto cha paka mtoni kwa sababu ya kidole kimoja, naye amefanya ubaya. Wahenga walisema: paka wa nyumba haingwa. Hawakuongeza: isipokuwa wa vidole sita.

V. Kutoka paka hadi mtoto

Kama haki hii ni ya paka, itakuwaje kwa mtoto wa mtu, ambaye thamani yake haipimwi pamoja na ya paka hata kidogo? Kiswahili chenyewe kina neno kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Zamani watu walimwogopa, na pengine walimwua. Neno lingali katika kamusi, liwe onyo.

Vidole vya ziada huonekana kwa wanadamu pia, na huonekana zaidi kwa watu wa asili ya Afrika kuliko kwa watu wa Ulaya. Kwa hao mara nyingi ni kidole kidogo kando ya kidole cha mwisho, na mara nyingi mtoto yu mzima kabisa. Maandiko nayo, katika kitabu cha pili cha Samweli, yamtaja mtu wa Gathi mwenye vidole sita katika kila mkono na kila mguu, jumla 24. Mtu huyo aliuawa vitani kwa sababu aliwatukana Waisraeli. Vidole vyake vilihesabiwa, havikuhukumiwa.

Mfano: mtoto azaliwa na kidole cha sita. Bibi yake anyamaza, shangazi aficha mkono wa mtoto kwa kitambaa, na jirani aanza kukumbuka mambo ya ukoo. Muuguzi wa zahanati aingia, na neno lake la kwanza ni hili: «Mama, mtoto ananyonya vema?» Mama ajibu: «Ndiyo, ananyonya sana.» Muuguzi huyo amepima kwa kipimo cha haki kuliko wote waliomo chumbani. Baadaye atatazama kidole, tena atamsikiliza mtoto moyo na pumzi, maana pengine, si mara nyingi, kidole cha ziada hufuatana na ugonjwa mwingine. Wazazi wakitaka kiondolewe, daktari aweza kukiondoa. Kukifunga uzi nyumbani hakufai: kwaweza kuleta damu na usaha.

Na yule jirani mwenye kukumbuka mambo ya ukoo, na ajue kwamba hachezi. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, yakataza kumshitaki mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 yaweka adhabu. Neno lisemwalo jioni motoni, kwa sauti ndogo, limekwisha kuwafukuza watoto wengi nyumbani mwao. Mdomo haukuhesabu vema, na mtoto akalala barabarani.

Wahenga walisema: hujafa, hujaumbika. Aliye na vidole vitano leo hajui kesho atabaki na vingapi. Panga, moto na mashine hazimwulizi mtu ukoo wake. Basi ampimaye mwenzake kwa hesabu ya viungo ajiwekee akiba ya kipimo kingine, maana huenda akakihitaji mwenyewe.

Maulizo ya kukumbuka

Ulizo: Tofauti na ila ni jambo moja?
Jibu: Siyo. Tofauti ni kutofanana na wenzako. Ila ni kukosa jema ulilopaswa kuwa nalo.

Ulizo: Kiumbe chenye tofauti ni ishara ya bahati au ya mkosi?
Jibu: Si ya bahati, wala si ya mkosi. Hukumu zote mbili hutoka kwa watu, na zote mbili zimeua.

Ulizo: Mtu mwema aonapo mtoto aliyezaliwa tofauti, aulize nini kwanza?
Jibu: Aulize kama mtoto ananyonya vema.